Nyimbo za Bibi Hanna wa Itumba

Wanangu mliopokea vinasa sauti pale redioni baada yangu, mimi nimestaafu, mdomo wangu bado. Miaka niliyokuwa kazini nilirekodi hotuba za viongozi, mechi za mpira, bei za mahindi pale Mlowo, na mgeni rasmi mmoja aliyesahau jina la shule aliyokuja kuifungua. Hayo yote yamepita na upepo. Kisichopita, kinachonifanya niweke ungo chini katikati ya kupepeta mchele na kuanza kucheka peke yangu, ni nyimbo.

Sisemi nyimbo za kwaya yenye sare na kinanda. Hizo zina wenyewe, na kila Jumapili mnazisikia. Nasema nyimbo za Mungu zinazoimbwa na watu wakiwa hawako kanisani: kwenye kupura ulezi, kwenye matanga, njiani kwenda kisimani, kwenye kumbembeleza mtoto mwenye homa. Hizo ndizo nilizokimbizana nazo maisha yangu yote. Na mnono kuliko zote niliupata nikiwa nimeshaagwa na kupewa blanketi la kustaafu, kule Itumba, Ileje, jikoni kwa bibi mmoja wa Kiukraine. Ndiyo, Ukraine. Msinikodolee macho, nitafika.

Kwanza niwaambie habari za viatu.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Sichone, fundi mitambo, Mnamwanga mwenzangu, mtu mfupi mwenye sauti nene kama ngoma. Safari yangu ya kwanza naye tulikwenda Msangano, kwetu kabisa, tukawakuta akina mama wanapura ulezi wakiimba habari za Yusufu kuuzwa na ndugu zake. Wimbo ulikuwa mtamu! Fimbo zinapiga chini kwa pamoja, vumbi linapanda, mmoja anaita, wengine wanamjibu, na katikati kuna mzee mmoja wa kike anacheka hukohuko ndani ya wimbo. Mimi nikaruka kutoka kwenye gari, nikawapanga mstari, warefu nyuma wafupi mbele, nikawaambia, "Haya, imbeni sasa."

Wakaimba. Jamani! Walikakamaa kama wanapigwa picha ya kitambulisho. Yusufu mwenyewe angewasikia angeomba arudishwe shimoni.

Mzee Sichone akanivuta pembeni. "Nambeye, umewavalisha viatu."

"Viatu gani, mzee?"

"Hawa walikuwa wanaimba pekupeku. Wewe umewavalisha viatu vya Jumapili, sasa wanachechemea. Chukua fimbo ukapure."

Nikapura. Mikono ikatoka malengelenge. Jua lilipoanza kuinama wakasahau kuwa mimi ni mtu wa redio, na Yusufu akauzwa tena, safari hii kwa raha zake. Mzee Sichone alikuwa ameshawasha mashine bila kusema neno, ameiweka karibu na yule mama aliyekuwa akicheka. Nilimuuliza kwa nini hakuiweka kwa muitaji mwenye sauti kubwa. Akanijibu jambo ninalotaka mlishike kuliko yote nitakayosema: "Sauti ya kwanza inajisikiliza yenyewe. Ya pili inamsikiliza mwenzake. Weka maiki kwa anayesikiliza."

Siku hizi mna simu zinazonasa hata pumzi ya mende, na mimi nafurahi. Sisi tulianza na mashine nzito kama mtoto wa darasa la pili, tukaja kwenye kaseti, ambazo mkanda ukijikunja unaurudisha kwa kuzungusha penseli huku unaomba. Lakini upepo wa milima ya Ileje haujabadilika, kwa hiyo vaeni maiki soksi ya mtoto, ile ya sufu. Bati halijabadilika, mvua ikianza, hamieni jikoni kwenye paa la nyasi. Jogoo hajabadilika, huyo mwombeni mwenye nyumba amfunike kapu. Na hizo simu zenu zizimeni mtandao kabla ya kurekodi. Kuna mwenzenu mmoja alikuwa ananasa maombolezo ya mjane, pakaingia simu yenye mlio wa singeli. Mjane mwenyewe alicheka mpaka akakaa chini.

Sasa, nyimbo hizi zilitoka wapi? Wazee wetu walipopokea dini walipewa kitabu cha nyimbo zilizotoka mbali, maneno yametafsiriwa, sauti ni ya hukohuko zilikotoka. Walizipenda, wakaziimba kanisani vizuri. Jumatatu wakarudi shambani, na jembe halifuati kinanda. Basi akina mama wakachukua habari walizosikia kwenye mahubiri, za Yusufu, za Hana aliyelilia mtoto, za Mariamu kukosa nyumba ya kulala, wakazitia kwenye sauti za kulimia na za kubembelezea watoto, kwa Kinamwanga, kwa Kinyiha, kwa Kindali. Baadhi ya wazee wa kanisa walinuna. "Hazimo kitabuni," wakasema. Akina mama wakaitikia, "Ndiyo, baba," wakaenda kuziimba kisimani. Pale Tunduma, malori yakisimama foleni, nimewarekodi wauza mihogo kutoka upande wa Zambia wakiimba za kwao kwa Kibemba. Unawasalimu "mwapoleni mukwai," unanunua mhogo, unakaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, unasubiri. Usipokaa hupati kitu.

Haya, Itumba.

Kuna mama mmoja pale anaitwa Mama Ambakisye. Ni Mukraine. Mume wake, Daktari Kibona, ni Mndali wa milima hiyohiyo, alikwenda kusomea udaktari huko Ukraine, akarudi na cheti na mke. Mama huyu ameishi Itumba mpaka Kiswahili chake kimechukua lafudhi ya Kindali. Ukimsikia kwenye simu huwezi kujua. Tulifahamiana tangu nikirekodi vipindi vya afya hospitalini kwa mumewe. Vita vilipowaka kwao na kijiji alikozaliwa kikateketea, walihangaika hadi wakafanikiwa kumleta mama yake mzazi. Wajukuu wakamwita Bibi Hanna.

Siku moja akanipigia. Nilikuwa nyumbani Mlowo, naanika maharage.

"Dada Nambeye, njoo na kile kinasa chako."

"Kuna nini, mama?"

"Mama yangu haongei. Anakula vijiko viwili, anasukuma sahani. Amefunga mzigo wake, ameuweka mlangoni, anasema anarudi kwao, wakati nyumba haipo. Lakini akidhani nimekwenda sokoni, anaimba. Nikiingia ananyamaza." Akavuta pumzi. "Dada, mimi ni mwanawe, na wimbo hata mmoja sijawahi kufundishwa."

Nilimwachia mume wangu maharage. Nikashuka Mpemba, nikapanda gari linalokwenda Itumba na Isongole, moyo unanidunda kama msichana anayekwenda usaili. Mstaafu gani anaitwa kazini kwa namna hiyo!

Nilimkuta Bibi Hanna amekaa kwenye kigoda karibu na moto, kitambaa cha maua kichwani, mikono mikubwa ya mkulima. Nikamwamkia, "Shikamoo, bibi," akaniitikia kwa kichwa. Nikatoa kinasa, nikatoa kistendi, nikatoa maiki. Akaviangalia. Akasimama, akaingia chumbani, akafunga mlango.

Nikasikia sauti ya Mzee Sichone, Mungu amrehemu, kama yuko nyuma yangu: viatu!

Nikarudisha kila kitu kwenye begi. Kesho yake nikaingia jikoni na begi langu na debe la maharage yenye maganda, nikakaa chini, nikaanza kupukuchua. Baada ya muda akatoka. Akavuta kigoda chake. Akachukua ganda, akalipasua kwa kidole gumba mara moja tu, maharage yote yakadondoka sufuriani. Mimi ni mtoto wa shamba, lakini huyu alikuwa fundi! Tukapukuchua. Lugha hatuna, tulikuwa na maharage tu. Basi nikaanza kuimba taratibu, ule wa Kinamwanga wa Mariamu na Yusufu wanabisha hodi nyumba hadi nyumba na hakuna anayefungua. Sikumtazama.

Nilipofika kwenye jina la Mariamu akaacha kupukuchua. Akamwita binti yake, akamuuliza kitu.

"Anauliza, huyo Mariamu wa wimbo wako anatafuta nini?" akasema Mama Ambakisye.

"Mwambie anatafuta mahali pa kulala. Watu wanamfungia milango."

Akatafsiriwa. Yule bibi akasema neno moja na binti yake akashika mdomo.

"Amesemaje?"

"Amesema, 'Na huku kwenu pia?'"

Na hapohapo akaanza. Wanangu, ningewaeleza vipi? Sauti nyembamba, kavu, iliyonyooka, haina mapambo hata moja, inatembea kama mtu anayepanda mlima akiwa na mzigo na hataki kupumzika. Mariamu huyohuyo, milango ileile, ila huko njiani kuna theluji. Nywele zilinisimama! Nilikuwa nimewasha kinasa ndani ya begi kabla ya kuanza kupukuchua, na alipomaliza nikamwomba binti yake amwambie ukweli huo palepale. Bibi Hanna akalitazama begi, akaguna, akalisogeza karibu na mguu wake kwa mkono wake mwenyewe.

Kuanzia hapo akala. Hakula sana, lakini alikula. Na kila asubuhi tulipukuchua, tukamenya, tukachagua mawe kwenye mchele, na yeye akaimba na kusimulia, binti yake akitafsiri. Ndivyo nilivyoijua historia ya nyimbo hizo, na nilitamani Mzee Sichone awepo.

Alisema huko kwao kanisani wanaimba nyimbo za ibada, kwa lugha ya kale ambayo mtu wa shamba anaielewa nusunusu. Lakini nje ya kanisa watu walikuwa na nyimbo zao, kwa maneno ya kila siku. Krismasi walitembea nyumba kwa nyumba na nyota ya karatasi juu ya fimbo. Kwaresima waliimba za mateso huku wanasokota nyuzi. Zamani za bibi zake kulikuwa na vipofu waliozunguka kwenye magulio na mlangoni mwa makanisa, wana ala ya nyuzi inayozungushwa kwa mkono kama mashine ya kusagia nyama, wanaimba za yatima, za tajiri asiye na huruma, za siku ya hukumu. Watawa wakazikusanya nyimbo hizi, wakazichapa, na watu wa madhehebu yasiyoweza kukaa hata meza moja wakawa wanaimba zilezile, kila mmoja akidhani ni za kwake.

"Kisha ukaja utawala usiomtaka Mungu," alisema. "Makanisa yakafungwa, mengine yakawa maghala. Vipofu wale wakatoweka magulioni. Lakini kanisa lina mlango, ukiufunga umefunga. Wimbo hauna mlango."

Waliimba jikoni, mapazia yameshushwa. Waliimba wakipalilia, na msimamizi akipita wanageuza kuwa wimbo wa mapenzi.

Hapo Mama Ambakisye akaacha kutafsiri. Akamgeukia mama yake, na nikaona wanasema wao kwa wao, haraka, kwa sauti ya juu, yule bibi anapiga goti lake kwa kiganja. Mwisho binti akanigeukia macho yamelowa.

"Nimemuuliza kwa nini hakunifundisha. Amesema nilikuwa mtoto mropokaji. Ningeziimba shuleni, mwalimu angeandika jina langu, nisingesoma. Amesema, 'Nilikunyima nyimbo ili upate shule. Shule ikakupa mume, mume akakuleta huku, na mimi nikabaki na nyimbo.'" Akajifuta kwa kanga. "Miaka yote hii nilidhani hakutaka kunipa kitu chake."

Nilisonga ugali.

Sasa jambo la kazi, hapa sikilizeni. Niliporudi Mlowo nilikwenda redioni kusafisha zile sauti, na kijana wenu Frenki, ambaye nampenda, akakaa kwenye kompyuta. Wimbo wa Mariamu ulikuwa na vipande vya ukimya. Bibi Hanna anaimba mstari, ananyamaza pumzi kadhaa, anaendelea. Kila ubeti hivyohivyo.

"Mama, hapa pako kimya sana," akasema Frenki. "Wasikilizaji watadhani tumekata mawimbi. Napunguza, eeh?"

"Ukigusa ukimya huo nakukata vidole! Cheza tena."

Akacheza. Nikafunga macho. Ile haikuwa pumzi ya kuchoka. Mstari wake ulikuwa unaishia juu, haujatua, kama mtu aliyeuliza swali. Nilikuwa nimesikia kitu hicho maisha yangu yote kwenye nyimbo za Msangano, muitaji akimaliza zamu yake.

"Frenki! Huyu haimbi peke yake. Anamsubiri mtu!"

Nikampigia Mama Ambakisye papo hapo. Nikamwambia muulize mama yako, wimbo huu alikuwa akiimba na nani. Nikasikia wanaongea.

"Anaitwa Maria," akasema. "Jirani yake, ukuta kwa ukuta. Ndiye aliyekuwa akiimba sauti ya pili tangu wakiwa wasichana. Kijiji kilipopigwa walitenganishwa njiani. Mama anasema amekufa. Hana uhakika, lakini ameshamwombea kama marehemu."

Tuliurusha wimbo Jumamosi, ukimya wake wote ndani. Nilieleza kwa kifupi ni wa nani na unahusu nini. Simu zikaanza kuingia! Mama mmoja kutoka Chitete akauliza bibi huyo ni wa kanisa gani. Dereva wa lori, Mwislamu wa Tanga aliyekuwa kwenye foleni Tunduma, akasema, "Mama, neno hata moja sijaelewa, lakini nimezima injini." Na Ambakisye mwenyewe, mtoto mkubwa wa Daktari Kibona, ambaye ni mwalimu wa sekondari, akauchukua wimbo ule akaurusha kwenye kundi la simu la ndugu wa upande wa mama yake, waliotawanyika nchi mbalimbali, na kuandika kwa lugha ya huko: Nani anamjua Maria, jirani wa Hanna?

Zikapita siku. Nikajiambia, Nambeye, wewe ni mtu wa redio, usianze kuota. Halafu Ambakisye akanipigia anapiga kelele, nikadhani kuna moto.

"Mama mkubwa! Panda gari! Panda gari sasa hivi!"

Maria alikuwa hai. Yuko Poland, kwa mpwa wake aliyefikiwa na ujumbe kundi kwa kundi, goti limeteguka, mdomo mzima. Mpwa alimchezea ule wimbo bila kumwambia ni nani, na ulipofika ukimya wa kwanza, yule bibi akiwa anamenya viazi, hakuuliza kitu. Akaingia na sauti ya pili. Mpwa akarekodi.

Nilifika Itumba jua linawaka. Uani akina mama majirani walikuwa wanapukuchua mahindi, maana msimu ulikuwa wa mavuno na kwa Daktari Kibona wanasaidiana kila mwaka. Ndani, Bibi Hanna amekaa wima, mikono magotini. Ambakisye akaweka simu mezani, akabonyeza.

Ikatoka sauti ya Bibi Hanna mwenyewe, ile ya begini. Mstari wa kwanza. Ukafika ukimya, na ndani ya ukimya ikaingia sauti nyingine, nzito kidogo, yenye mkwaruzo, ikalipokea lile swali na kulitua chini taratibu kama mtungi.

Bibi Hanna hakulia. Aliipiga meza kwa kofi, vikombe vikaruka. "Amechelewa!" akafoka kwa lugha yake, na binti yake akatafsiri huku anacheka na kulia. "Anasema siku zote Maria anachelewa kuingia!"

Wakapigiana simu ya video. Jamani, kelele! Walizungumza wote wawili kwa pamoja, hakuna aliyemsubiri mwenzake. Kisha wakajaribu kuimba, ikashindikana, maana mtandao unachelewesha. Mmoja akimaliza mwingine bado yuko nyuma, wakagombana kama watoto. Mwisho Bibi Hanna akamshika binti yake mkono, akamsimamisha mbele ya simu, mwanamke mzima mwenye wajukuu, akasema kitu.

"Anamwambia Maria anifundishe mimi sauti ya pili," akasema Mama Ambakisye, uso umemuiva.

Likaanza somo. Maria anaimba kutoka Poland, binti anarudia Itumba, mama anatikisa kichwa. Tena. Anarudia, anapotea palepale pa kutua. Tena! "Mama, nimechoka." Tena! Mimi nimeweka maiki mezani, soksi na kila kitu, nimejiziba mdomo kwa ncha ya kitenge nisicheke.

Kwa mara ya sijui ngapi Bibi Hanna akaimba mstari wake, akanyamaza, binti akavuta pumzi, na kabla hajafungua kinywa sauti ya pili ikaja yenyewe kutoka dirishani. Wale akina mama wa uani! Walikuwa wamelisikia somo lote huku wakipukuchua, na mstari ulipobaki hewani wakashindwa kuuacha uning'inie. Maneno hawakuyajua, waliimba kwa "ooo" ya Kindali, vifua vyote, wakatua palepale panapotakiwa, na mmoja wao akaongeza ya tatu chini yake ambayo nadhani huko Ukraine haijawahi kusikika.

Kwenye simu Maria akasogeza uso hadi tukaona jicho moja tu.

"Hanna!" akapiga kelele. "Hanna, ni nani hao?"

Bibi Hanna akageuka, akatazama dirishani, kwenye vilemba na mikono iliyojaa makapi ya mahindi. Akamjibu, na Mama Ambakisye akanigeuzia maneno yale kwa sauti iliyokatika.

"Majirani zangu."